Mbwa wa Uroa na Deni la Aliyefunga Mlango

Wapo wasomaji watakaoiona makala hii na kujiuliza kama safu hii imeishiwa na mambo. Bei ya karafuu ipo, shida ya maji ipo, barabara za ndani zipo, na mwandishi anakuja kuzungumzia mbwa! Hatuwalaumu. Katika visiwa hivi mbwa hana baraza la kukaa. Mtoto hufundishwa tangu mdogo kumkwepa, na akiguswa na mate yake hujua kwamba ataosha mara saba, moja kwa udongo. Wazee nao wametuachia usemi kwamba anayecheza na mbwa ataingia naye msikitini. Haya yote tunayajua, na makala hii haikusudii kumshawishi mtu yeyote amkaribishe mbwa ukumbini. Tunalotaka kulizungumza ni jambo jingine: mnyama aliyefungiwa na binadamu kwa jina la huruma, kisha akasahauliwa ndani.

Jambo hilo tulikutana nalo Uroa. Uroa ni kijiji cha mashariki ya Unguja, baina ya Chwaka na Pongwe, katika Wilaya ya Kati. Maji yanapokupwa bahari yake huenda mbali, na akina mama huifuata kwa miguu hadi kwenye vigingi na kamba za mwani, kilimo kilichoshika mizizi katika pwani hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Maji yanapojaa ngalawa hurudi dikoni, na watoto hukimbilia kuona kilichopatikana. Siku hizi baina ya minazi na bahari yamesimama mahoteli. Na palipo na hoteli pana jikoni, palipo na jikoni pana makombo, na palipo na makombo pana mbwa. Mbwa hao hawana mwenyewe, wala si wa mwituni. Wapo tu, kama walivyo kunguru.

Mwandishi wa makala hii alikuwa amekaa dikoni jioni moja akisubiri samaki, ndipo alipomwona mmoja wao amelala hatua chache kutoka mahali alipokuwa mzee mmoja akipara changu. Mbavu zake zilikuwa zikihesabika. Lakini kilichovuta macho ni shingo yake, kwani alikuwa amevishwa ukanda wa ngozi, wa kununua dukani, na ukanda huo ulikuwa ukimpwaya kiasi cha kuweza kumvuka kichwa. Ukanda wa ngozi haupanuki wenyewe. Mbwa huyu siku alipovishwa alikuwa na shingo nene, na aliyemvisha alikuwa na fedha za kununua mapambo.

“Shikamoo mzee. Mbwa huyu ni wako?”

“Marahaba mwanangu. Wangu mimi?” Akacheka bila ya kuinua kisu. “Mimi nina mke, nina wajukuu saba na ngalawa inayovuja. Mbwa nitamweka wapi? Huyu ni mtoro. Ametoka kule wanakofungwa.”

Akautupa utumbo wa samaki upande wa mbwa, kwa mbali, kama mtu anayetupa taka, akaendelea na kazi yake. Tuliona, hata hivyo, kwamba utumbo ule ulianguka pale pale mbwa alipoweza kuufikia bila ya kuinuka.

Huko wanakofungwa hakukuwa mbali sana. Kijiji chenyewe hatukitaji, wala hatumtaji aliyeanzisha kituo hicho, kwa sababu nia yake kwa kila alivyoelezwa kwetu ilikuwa njema, na hayupo kujitetea. Alikuwa mgeni aliyeishi katika pwani hii kwa miaka kadhaa. Aliona mbwa wenye upele na kupe, aliona waliogongwa na magari wakaachwa kando ya njia, roho ikamuuma. Akakodi kiwanja, akakizungushia bati na waya, akaanza na mbwa wanne au watano. Aliwatibu, aliwalisha, aliwapa majina. Habari zikaenea. Baada ya muda akiamka asubuhi alikuta katoni mlangoni, na ndani yake watoto wa mbwa ambao hata macho hawajafumbua. Kila aliyekuwa na mbwa asiyemtaka alipata pa kumtupa bila ya kuona haya, na wengine, tunaambiwa, walitoka mbali kwa gari.

Hapa tungependa msomaji afanye nasi hesabu kidogo, maana mambo mengi ya huruma huharibikia kwenye hesabu. Mbwa jike huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka, huchukua mimba kwa miezi miwili, na huzaa watoto watano au sita, pengine zaidi. Majike watano wasiofungwa kizazi, wakiwekwa ua mmoja na madume, wanaweza kuzaa watoto hamsini katika mwaka mmoja. Wengi wao watakufa, na namna ya kufa kwao si ya kupendeza kuielezea; watakaobaki watahitaji kula. Tukisema mbwa mmoja apate nusu kilo ya chakula kwa siku, mbwa 32 watataka kilo 16 kila siku ya Mungu, Ijumaa na sikukuu, masika na kiangazi. Hiyo ni karibu nusu tani kwa mwezi. Hatujahesabu dawa ya minyoo, wala maji, wala mshahara wa mtu wa kuwahudumia.

Fedha za kituo zilitoka kwa marafiki wa mgeni yule walio ng'ambo. Mwanzoni zilikuja vizuri. Fedha za namna hiyo, hata hivyo, hutegemea moyo wa mtu ambaye hajawahi kuiona Uroa, na moyo huo una mambo mengine ya kuuvuta. Tulilishuhudia hilo kwa sura kubwa zaidi mwaka 2020, dunia ilipofunga milango yake kwa sababu ya maradhi ya UVIKO-19. Wageni waliofika Zanzibar, ambao mwaka 2019 walipindukia laki tano, walishuka wakawa kiasi cha nusu ya hapo, na jikoni iliyofungwa haitupi makombo. Waliopoteza kazi walikuwa watu, na habari zao ziliandikwa kama ilivyostahiki. Mbwa waliokuwa wakila nyuma ya jikoni hizo hawakuandikwa na mtu.

Mwenye kituo akaugua, akarudi kwao kutibiwa. Aliahidi kupeleka fedha, akapeleka mara mbili, kisha kimya. Akabaki kijana mmoja wa kijijini aliyeajiriwa kufagia na kulisha. Tulipomkuta alikuwa hajalipwa kwa miezi mitano, na alikuwa bado anakuja. Pumba alizipata kwa mkopo, vichwa vya samaki aliviomba dikoni, na siku ambazo hakupata kimoja wala kingine alikuja mikono mitupu, akakaa nje ya mlango.

Tuliingia naye. Kilichotushitua kwanza ni ukimya. Tulitazamia kubwekewa, kwa kuwa ndiyo tabia ya mbwa anapoona mgeni, na hakuna aliyebweka. Walituangalia tu. Pipa la maji lilikuwa na kiasi cha shubiri moja chini yake, rangi ya majani. Majike wawili walikuwa wananyonyesha, ingawa hatukuelewa walikuwa wananyonyesha nini. Waliokuwa na upele walikuwa wamejikuna hadi nyama. Na chini ya mlango wa bati, upande wa ndani, mchanga ulikuwa umefukuliwa na bati limepindwa kwa makucha. Hapo ndipo alipopitia yule wa dikoni.

Tulimuuliza kijana kwa nini asifungue mlango akawaachia waende wakajitafutie. Jibu lake tumelikumbuka tangu siku ile. Alisema: “Nikiwafungua wataingia kijijini, wataua kuku, watapigwa mawe, pengine watauma mtoto. Nikiwafunga wanakufa mbele yangu. Funguo ninazo mimi, na mwenye mbwa si mimi.”

Kila mtoto aliyepita chuoni amesikia habari ya yule mtu aliyekuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Kisa hiki hupendwa sana na wanaotetea wanyama, na wageni nao wameanza kutusimulia sisi wenyewe, kana kwamba hatukukisoma. Lakini chuoni tulisoma pia kisa cha pili, ambacho hakitajwi mara nyingi, nacho ni cha mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Kosa lake lilikuwa nini? Hakumpiga paka, wala hakumtia sumu. Alimfungia, basi akawa hamlishi, na hakumwacha akatafuta mwenyewe wadudu wa ardhini. Lau angemwacha nje tangu mwanzo, paka yule angekuwa juu ya riziki yake, na mwanamke yule asingekuwa na kesi. Alipofunga mlango ndipo riziki ya paka ilipokuwa deni juu yake.

Kwa kipimo hicho, kituo kile cha mashariki ya kisiwa kilikuwa kimehama polepole kutoka kisa cha kwanza kwenda kisa cha pili, na hakuna aliyeweza kuonyesha siku yenyewe kilipovuka mpaka.

Wala si sisi wa kwanza. Mwaka 1910 wakuu wa mji wa Istanbul, ambao wakati huo ulikuwa makao ya khalifa, waliamua kuusafisha mji kwa kuondoa mbwa wa mitaani. Wazee wa mji walikuwa wamewazoea mbwa wale kwa karne nyingi, wakiwawekea maji na mkate, na kuwaua hadharani kungeleta manung'uniko. Ikaonekana ni uungwana zaidi kuwahamisha. Makumi ya maelfu ya mbwa walikamatwa, wakapakiwa katika vyombo na kumwagwa Sivriada, kisiwa kitupu katika Bahari ya Marmara, kisicho na maji wala chakula. Waliliana wao kwa wao, wengine wakajitosa baharini, na vilio vyao, kwa mujibu wa walioandika wakati huo, vilisikika mjini upepo ulipovuma kutoka huko. Waturuki hukiita kisiwa hicho Hayırsızada. Msomaji wa Kiswahili halihitaji kamusi kubwa neno hilo: ndani yake mna kheri, na mna kukosekana kwake. Sisi wenyeji wa visiwa tuna methali kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko. Wale wa Sivriada walikufa ufukoni.

Tukiachia hapo, mwenye wadhifa serikalini anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya huruma, na huruma ni ya mtu na nafsi yake. Serikali ina kazi nyingine. Kwa hivyo tuhamie Pemba, ambako jambo hili limeandikwa kwa maisha ya watu.

Mwaka 2010 kichaa cha mbwa kilikuwa kikizunguka Pemba. Watafiti waliokifuatilia ugonjwa huo, mbwa kwa mbwa na mtu kwa mtu, hadi kuzipima chembe za urithi za virusi vyenyewe, walitambua minyororo mitano ya maambukizi iliyokuwa ikienda kwa pamoja. Ikaanzishwa chanjo ya mbwa ya kila mwaka kisiwa kizima, na utekelezaji wake ukawa unatengenea kadiri miaka ilivyokwenda. Mbwa wagonjwa wakapungua, walioumwa wakapungua, vifo vikapungua. Ilipofika Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika. Kazi ya namna hii, katika kisiwa chetu wenyewe, ilistahiki kusherehekewa kuliko ilivyosherehekewa.

Kisha chanjo ikalegea. Ugonjwa haukuwapo tena, na ni tabia ya binadamu kuacha kununua mwavuli pasipo na mvua. Mwishoni mwa mwaka 2016 kichaa cha mbwa kiliingia Pemba tena, mara mbili, kikawakuta mbwa wasio na kinga, kikaenea. Ililazimu chanjo irejeshwe kisiwa kizima, na moto huo haukuzimika hadi Oktoba 2018. Minyororo iliyokuwa imekatwa kwa miaka minne ya kazi ilifungwa upya kwa muda mfupi wa uzembe.

Ugonjwa huu si wa kubahatisha nao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, na kiasi cha wanne katika kila kumi ni watoto wasiotimia miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Aliyeumwa anatakiwa kuosha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa robo saa, na kukimbilia kituo cha afya apate chanjo kabla dalili hazijatokea, kwani zikishatokea hakuna dawa inayotegemewa. Chanjo ya mbwa mmoja ni nafuu mno kuliko chanjo anazohitaji mtoto mmoja aliyeumwa. Na wataalamu wamekwisha kubainisha kwamba mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, na zoezi likarudiwa kila mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita.

Wapo wanaoona njia fupi ni bunduki na nyama yenye sumu. Njia hiyo imejaribiwa na wenzetu wa visiwani. Kisiwa cha Flores, nchini Indonesia, hakikuwa na kichaa cha mbwa hadi mwaka 1997, mbwa watatu walipoletwa kwa chombo kutoka Buton. Wakuu wakaagiza mbwa wauawe, wakauawa kwa wingi mno, na ugonjwa haukutoka. Sababu si ngumu kuifahamu. Mwenye mbwa wake humficha au humpeleka kwa shemeji yake kijiji cha pili, na ugonjwa ukasafiri naye. Aliyeuliwa mbwa wake huleta mtoto wa mbwa mwingine ambaye hakuchanjwa. Waliouawa wakiwa wamechanjwa ndio waliokuwa ukuta wa kijiji.

Sasa turudi kwenye ua wa bati. Mbwa 32 wenye njaa, hakuna hata mmoja aliyekuwa na cheti cha chanjo kisichopitwa na wakati, wakichimba chini ya mlango usiku kucha. Si hao tu. Kila katoni iliyowekwa mlangoni pale ilikuwa na historia ambayo hakuna aliyeiuliza: wametoka wapi, mama yao ameumwa na nini. Kituo kilichoanzishwa kwa ajili ya kuwalinda mbwa kilikuwa kimekuwa shimo la kukusanyia hatari, na kijiji kilicho jirani nacho hakikuwa na habari.

Waliookolewa waliokolewa namna hii, na tunaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu kuokoa nako kuna adabu zake. Sheha alipoelezwa alikasirika kwanza, kisha akaita watu wake. Siku ya kwanza halikufanyika jambo lolote ila maji na chakula, na chakula chenyewe kidogo kidogo, mara nne kwa siku, kwani mnyama aliyekaa na njaa muda mrefu akipewa sinia zima mara moja anaweza kufa kwa shibe hiyo hiyo. Mpishi wa hoteli moja ya jirani alikubali kuhifadhi wali na mifupa laini katika ndoo badala ya kuvitupa jaani. Madume yalitengwa na majike kwa waya wa ng'ombe. Wenye upele waliwekwa peke yao.

Kisha akaja bwana mifugo na kasha lake la barafu, akawachanja wote dhidi ya kichaa cha mbwa kabla ya kuzungumzia jambo jingine, na kila aliyechanjwa akafungwa utepe shingoni. Daktari wa wanyama kutoka mjini alikuja siku mbili za Jumamosi kuwafunga kizazi juu ya meza ya skuli iliyokwisha vunjika mguu. Watatu hawakuwa wa kupona. Daktari aliwalaza kwa sindano, na kijana mlinzi ndiye aliyewashika kichwa. Wapo watakaosema kwamba kuua si kuokoa. Sisi tuliwaona mbwa hao watatu, na hatuna la kumlaumu daktari.

Waliobaki wakatafutiwa pa kwenda. Hapa wageni wawili wenye moyo mwema walijitolea kuchukua mbwa mmoja mmoja kwenda nao Ulaya, na tukafahamishwa taratibu zake: kwa nchi za Umoja wa Ulaya mbwa anayetoka kwetu lazima achanjwe, apimwe damu baada ya siku zisizopungua 30, kisha angoje miezi mitatu kabla ya kuingia. Pamoja na tiketi ya ndege na kasha la safari, fedha za kumwokoa mmoja huyo zingewachanja mbwa wa shehia nzima. Hatumkatazi mtu kutumia mali yake. Ila tunaona ndege si njia ya kutokea kwa mbwa wa Uroa.

Njia iliyofaa zaidi ilipatikana kondeni. Msomaji wa mjini husahau kwamba katika vijiji vya Unguja mbwa hakuwahi kuwa mgeni. Wakulima wanajua maana ya nguruwe mwitu kuingia shamba la muhogo usiku mmoja, na wasasi tangu zamani huingia porini na mbwa wao. Kitabu kitukufu chenyewe kimeruhusu kuliwa windo la mnyama aliyefunzwa. Wazee husema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Wasasi walikuja, wakawatazama madume vijana kwa jicho la mnunuzi wa ng'ombe, wakachagua wao. Wengine walikwenda kwa wenye mashamba ya kuku na walinzi wa viwanja. Masharti yalikuwa mawili tu: mbwa asifungwe pasipo na maji, na kila mwaka aletwe kwenye chanjo. Waliozoea ufuko walirudishwa ufukoni wakiwa wamechanjwa na hawazai tena, na mpishi aliahidi ndoo yake itaendelea.

Haya yote yalifanywa na watu wasiozidi kumi kwa muda wa mwezi na kitu, kwa kuombaomba. Ndiyo maana tunaielekezea makala hii kwa wenye mamlaka, kwa heshima lakini bila ya kung'ata maneno.

Kwa Tanzania Bara iko Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mambo ya mifugo si ya Muungano, kwa hivyo sheria hiyo haivuki bahari. Sisi tunayo sheria yetu ya usimamizi wa rasilimali za wanyama ya mwaka 1999, na wataalamu wa mifugo tunao. Tunaloliomba halihitaji jengo jipya wala semina. Mtu anapotaka kufungua mahali pa kufungia wanyama zaidi ya wale wa nyumbani kwake, awe mgeni au mwenyeji, aulizwe kwa maandishi nani atawalisha akiugua, akisafiri au akifa, na jina la huyo wa pili liwekwe kwa sheha. Asiye na jina la kuandika asipewe ruhusa, hata akija na barua nzuri na picha za mbwa wanaocheka. Kituo kitakachokubaliwa kikaguliwe na bwana mifugo angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu, na asiingizwe humo mbwa aliyekomaa bila ya kufungwa kizazi.

Mahoteli nayo yaulizwe. Yapo yanayowaachia wageni kulea mtoto wa mbwa msimu mzima, akalala kitandani na kunyweshwa maziwa, na msimu ukimalizika akafukuzwa kwa fagio. Mbwa huyo amekwisha kupoteza akili ya kujitafutia. Bora asingeguswa.

Na chanjo isikatike. Kama mafungu ya bajeti lazima yapunguzwe, na tunajua kwamba hupunguzwa, lisiwe fungu hili kwa sababu tu mwaka uliopita hapakuwa na aliyekufa. Pemba ilikwisha kukaa bila ya ugonjwa kwa zaidi ya miaka miwili, na ikaja kuulipia.

Tulipopita Uroa mara ya mwisho maji yalikuwa yanaanza kujaa. Mzee wa ngalawa alikuwa pale pale dikoni, na mbwa wake asiye wake alikuwa pale pale, na utepe wa chanjo shingoni. Ule ukanda wa ngozi mzee ameukata, na ameutumia kufungia kasia. Tukamuuliza tena kama mbwa ni wake, akasema la, akamtupia kichwa cha samaki. Ua wa bati umevunjwa na bati zake zimeezekea banda la mbuzi la jirani. Kijana aliyekuwa na funguo anavua sasa pamoja na mjomba wake. Mishahara yake ya miezi mitano bado hajalipwa, na haijulikani amdai nani.